Nilikesha Ijumaa Zote, Bado Sikujua Kuomba

Mimi ni nesi wa wodi ya watoto. Ukiondoa sindano, dripu na kubembeleza, kazi yangu kubwa ni kusema ukweli saa moja na nusu asubuhi tunapokabidhiana zamu. Aliyekesha anashika daftari la ripoti, anayeingia anasikiliza, tunapita kitanda kwa kitanda. Namba 3, nimonia, homa imeshuka ila bado hanyonyi. Namba 7, mama yake katoka alfajiri kutafuta hela ya dawa, hajarudi. Namba 9, tumempoteza saa kumi na robo. Huandiki unachotamani kingekuwa. Ukiandika "anaendelea vizuri" na mtoto anahema kwa shida, mwenzako ataanza na vitanda vingine, na atakapofika kwa huyo atakuwa amechelewa.

Nilikuwa nimeifanya kazi hiyo miaka tisa, na kwa kweli naiweza. Miaka hiyohiyo maombi yangu yalikuwa ripoti ya uongo toka mwanzo hadi Amina. Naandika kwa ajili ya yule aliye mahali nilipokuwa: anaomba sana, amechoka sana, na anaogopa kusema kwamba amechoka.

Machi 2019 Mama alipata kiharusi. Alikuwa akichambua mchicha, bakuli likamponyoka mkono wa kushoto, akajicheka mwenyewe. Dakika kumi baadaye mdomo ulikuwa umekwenda upande. Presha alikuwa nayo miaka mingi, na dawa alikuwa anameza siku anazojisikia vibaya tu, kosa ninalolisikia kila wiki kwa mabibi wanaoleta wajukuu wodini. Alilazwa wiki mbili, kisha nikamleta kwangu Mbeya. Mguu ulirudi kiasi, akaweza kwenda chooni kwa kushika ukuta. Mkono wa kushoto ulikataa. Ulilala mapajani kama mzigo wa mtu mwingine aliyemwomba amshikie kidogo.

Nimelelewa Mmoravian, kanisa la Kiprotestanti, huko Rungwe, na sala nilizokuwa nazo zilikuwa za kabla ya kula, kabla ya kulala na za Jumapili. Mama alipoanguka niliziona nyembamba mno. Jirani akanialika kwenye huduma moja ya maombi, sitaitaja na wala sina nia ya kuichafua. Walinipokea vizuri. Walikuja nyumbani wakamfulia Mama mashuka, jambo ambalo ndugu zangu wawili wa tumbo moja hawajawahi kulifanya. Kwa hiyo msinielewe vibaya: upendo niliukuta pale.

Nikajifunza kukesha kila Ijumaa, saa tatu usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Nikajifunza kufunga siku tatu, kisha saba, kisha 21. Nikajifunza kuomba kwa kutembea, kwa kupiga makofi, kwa kukemea mizimu ya ukoo hadi sauti ikauke. Na nikafundishwa kwamba nisiseme "Mama anaumwa", maana nikisema hivyo naukiri ugonjwa. Niseme "Mama amepona."

Uongo ulianzia hapo. Mimi ninayejua kupima nguvu ya mkono kwa kumwambia mgonjwa "nibane vidole" nilisimama mbele ya watu kama mia nikashuhudia kwamba Mama ameanza kushika kikombe. Watu walilipuka kwa vigelegele. Ukweli ni kwamba kikombe kilikuwa cha plastiki, kilikuwa kitupu, na nilikipachika mimi mwenyewe katikati ya vidole vyake. Kilikaa kama sekunde nne.

Kuhusu fedha, niliweka hesabu baadaye, na nilizirudia mara mbili kwa kutoamini. Mafuta ya upako, chupa shilingi 10,000. Sadaka ya mbegu, 50,000 karibu kila mwezi. Sadaka ya kujimaliza, 600,000, niliyoikopa kikoba nikamwambia mume wangu ni ya ada. Jumla kwa miezi kumi na sita ilikuwa shilingi 1,470,000, karibu mshahara wangu wa miezi mitatu baada ya makato. Mkopo wa kikoba niliumaliza mwaka uliofuata. Ukijikuta unatoa sadaka kwa fedha ambayo mwenzako nyumbani hajui imetoka wapi, simama hapohapo. Huhitaji maono kujua hiyo si sawa.

Lakini fedha siyo inayoniuma.

Julai 2020 tulikuwa kwenye mfungo wa siku 21. Mhubiri alisema, bila kunitaja mimi wala mtu yeyote, kwamba wapo wanaomwomba Mungu huku mkono mmoja umeshika vidonge. Sikumwambia Mama aache dawa. Nilifanya kitu chenye hila zaidi: niliacha kumkumbusha. Zilipoisha sikupita famasi, nikajiambia nitapita kesho. Siku ya tisa alisema kichwa kinamgonga. Nikapima presha, 214 kwa 118. Nikapima tena. Nikapima mara ya tatu, nikitamani mashine iwe mbovu.

Nilikimbia famasi na kandambili za chooni. Presha ilishuka polepole, safari ile aliepuka. Sikuwahi kumwambia Mama. Nimemwambia Mungu, nimemwambia mume wangu, na sasa nakwambia wewe, kwa sababu najua kuna nyumba usiku huu ambako vidonge vya presha, vya kisukari au vya kufubaza virusi vimewekwa kando ili imani ionekane. Usifanye hivyo. Kama wewe mwenyewe una kisukari, una mimba, unanyonyesha, au una dawa za kila siku, usifunge kabla hujaongea na daktari wako, na mtumishi asikutishe kwa hilo.

Mimi mwenyewe nilikuwa nafunga kavu, kutwa bila hata maji. Siku ya 16 nikiwa zamu ya usiku, nachanganya dawa ya mtoto, taa za wodi zikaanza kuwa ndogo. Nilizinduka niko sakafuni. Tumbo lilikuwa likiniwaka, na vipimo vikaonyesha vidonda. Ni neema tu kwamba bomba la sindano lilidondoka kabla sijamfikia mtoto.

Mwenzangu wa zamu, dada mmoja Mroma ambaye hupenda kusali rozari ndani ya Hiace asubuhi, alinikalisha kwenye stuli na kunipa chai ya rangi yenye sukari nyingi. Hakunihubiria. Aliniuliza tu, "Dada, ungekuwa mgonjwa wangu, kwenye ripoti ningekuandika nini?"

Nikaanza kujibu kwamba niko salama, ninashinda. Akasema, "Hapana. Ripoti."

Nikalia kama mtoto. Sikuwa nimeulizwa swali la aina hiyo kwa mwaka mzima.

Nilipewa likizo ya wagonjwa. Mume wangu, mtu wa maneno machache, alisema sentensi moja nikiwa napanga nguo: "Mama, Mungu ana mke wangu kila Ijumaa, mimi na watoto tumebaki na nani?" Kisha akamwomba mdogo wake wa kike aje akae na Mama, akanipeleka stendi, akanipandisha kosta ya Tukuyu nikakae kwa Bibi, mama yake Mama.

Anayeijua barabara ile anajua: ukivuka Uyole unaanza kupanda, Isongole baridi inakukamata mashavuni na watoto wanagombania dirisha la gari na ndoo za viazi, kisha unashuka kwenye migomba na chai. Nyumba ya Bibi iko upande wa Mlima Rungwe, si mbali sana na mahali wamisionari wa Kimoravian walipoanzisha kituo chao mwaka 1891. Mvua ya kule haina adabu, hata Agosti inaweza kukunyeshea.

Bibi alinipa ndizi na maharage, akaniangalia nikila, akasema nimekonda. Nikasema niko salama. Tukalala chumba kimoja.

Saa tisa usiku akaamka. Hakuwasha taa. Alikaa ukingoni mwa kitanda, miguu juu ya gunia alilolitandika chini badala ya zulia, kanga mabegani. Nikajua anaomba, nikajiandaa kusikia kitu kizito kutoka kwa mtu aliyekuwa mama wa kanisa kwa miaka zaidi ya sitini. Akasema kwa Kinyakyusa, kwa sauti ya mtu anayeongea na aliyeko upande wa pili wa meza: "Tata." Baba. Akanyamaza kidogo. Kisha akaanza.

Mgomba wa karibu na choo umeangushwa na upepo, na ulikuwa na mkungu. Jirani amesogeza mpaka wa shamba tena, na mimi bado nina hasira naye, sijamsamehe, nilijaribu jana nikashindwa. Binti yangu mkono wake haujapona. Mjukuu wangu amekuja, amekonda, na anadanganya kwamba yuko salama.

Kisha kimya. Kimya kirefu hadi nikadhani amesinzia. Mwishoni Sala ya Bwana, polepole, na "ndaga", asante. Akajifunika akalala. Yote haikuzidi robo saa.

Mnajua nilihisi nini? Nilikasirika. Nilijisemea, hiyo tu? Mimi nimekesha Ijumaa zaidi ya hamsini, nimebomoa madhabahu za ukoo mzima, na huyu anamwambia Mungu habari za mgomba.

Asubuhi nikamuuliza kwa nini saa tisa. Akasema ndiyo saa yake. Alipokuwa mama kijana, akina mama wa mtaa wao waligawana saa za usiku, yeye akapata saa tisa. Wengi wa wenzake wamekwisha kufa, yeye anaendelea na saa yake. Akanikumbusha kitu tulichofundishwa kipaimara nikakisahau siku ileile: kwamba kule Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1727, wazee wetu wa imani walianza zamu ya maombi, wanaume 24 na wanawake 24, kila mmoja akachukua saa yake, usiku na mchana. Mnyororo ule uliendelea zaidi ya miaka mia moja. Hata kile kijitabu chetu cha Neno la kila siku kimetokea hukohuko: mwaka 1728 kiongozi wao, Zinzendorf, alianza kutoa mstari mmoja wa siku, ukapelekwa nyumba kwa nyumba, na toleo la kwanza la kuchapwa likawa la mwaka 1731.

Bibi alitumia neno zamu. Nilicheka peke yangu nikiwa nimeshika ndizi mkononi. Nimeingia zamu na kutoka zamu maisha yangu yote ya utu uzima, lakini kwenye maombi nilikuwa nesi asiyetoka wodini. Sisi tunawaogopa manesi wa namna hiyo. Anayekataa kwenda nyumbani kwa kudhani wagonjwa watakufa bila yeye ndiye anayekosea dozi. Pale Herrnhut hakuna aliyeomba saa 24. Kila mmoja aliomba yake, akamwachia mwenzake, akaenda kulala.

Nilikaa kwa Bibi siku kumi na mbili. Nilirudi Mbeya na vidonge vya tumbo, daftari la shule la shilingi mia tano, na kosa langu la kwanza jipya: niliweka alamu ya saa tisa usiku, nimuige Bibi. Kwa mtu wa zamu za kubadilishana ni wazimu. Wiki ya pili nilikuwa nawafokea watoto kwa kijiko kilichoanguka. Nikampigia simu nimwambie nimeshindwa. Akasema, "Nani amekwambia saa tisa ni takatifu? Wenzangu walichagua, mimi nikapewa iliyobaki."

Basi nikaacha kufuata saa, nikafuata viatu. Nikitoka kazini, iwe asubuhi au usiku, nakaa kwenye stuli ya mlango wa nyuma kabla sijavua viatu vya kazi. Siku za mapumziko navaa kandambili, nakaa palepale. Simu naiacha ndani ya mkoba, na mkoba mbali. Kwa yeyote ambaye ratiba yake haitulii, iwe bodaboda, mlinzi, au mama mwenye kichanga, naona hii inafaa kuliko alamu: funganisha maombi na kitu ambacho lazima ukifanye kila siku.

Nilianza na dakika kumi. Nilikuwa na kiburi cha saa nane za mkesha, kwa hiyo dakika kumi zilinidhalilisha, na nikagundua kwamba dakika kumi za kukaa kimya peke yangu ni ngumu kuliko usiku mzima wa spika na kinanda. Kwenye mkesha nilikuwa nabebwa. Hapa sina wa kunibeba.

Ninachofanya hakina maajabu. Nasoma Neno la siku na Zaburi moja kwa sauti ya chini, maana nikisoma kwa macho tu akili inapita juu kwa juu. Kisha ripoti: majina na hali halisi, bila kupamba. Mama, mkono haujabadilika, leo alilia alipojaribu kufunga kitenge. Mume wangu, tumeongea vizuri asubuhi. Mtoto namba 4, naogopa. Mimi, nimemsema vibaya mwenzangu mbele ya wanafunzi wa mafunzo. Kisha nanyamaza. Kisha Sala ya Bwana kwa mwendo wa Bibi. Mwisho nasema "nakabidhi", navua viatu.

Ule ukimya ndio ulionisumbua. Dakika ya kwanza gesi imeisha. Ya pili, hivi ada ya muhula nimelipa yote? Mwanzoni nilizikemea fikra hizo kama pepo. Bibi, tena kwa simu, akauliza kama hiyo gesi imeisha kweli. Nikasema ndiyo. "Basi si ipo kwenye ripoti?" Tangu siku hiyo kinachokuja nakiandika, nakitaja mbele za Mungu, narudi kwenye kimya. Wiki nyingine orodha nzima ni gesi na ada, na nimeacha kuona aibu.

Zaburi ndizo zilizonifungua kinywa. Nilikuwa nazijua za ushindi, za kunukuu kwenye ushuhuda. Nilipoanza kuzisoma kwa mpangilio, moja kila siku, nikafika ya 88. Isome mwenyewe. Zaburi karibu zote za maombolezo hugeuka mahali fulani, lakini hii haigeuki. Inaishia hivi: "Mpenzi na rafiki umewatenga nami, nao wanijuao wamo gizani." Mwisho. Nilifungua ukurasa wa pili nikidhani kuna mstari umerukwa. Nikafikiri: mtu huyu angesimama kwenye madhabahu tuliyokuwa tunasimama sisi, angenyang'anywa kipaza sauti. Na bado maneno yake yamo kwenye Biblia, yanaitwa sala.

Jioni ile niliandika: "Nina hasira na Wewe kuhusu ule mkono. Na nina hasira na mimi kuhusu zile siku tisa." Nikakaa nikisubiri kitu. Radi, labda. Hakukuwa na kitu. Mtoto akaja kuuliza kama ugali usongwe. Nikaingia ndani tukala. Lakini usiku ule nililala hadi asubuhi, mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

Nisikudanganye kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka. Ulifuata ukavu wa kama miezi saba. Nilikuwa nimezoea kupima maombi kwa machozi na kutetemeka, sasa nakaa kwenye stuli kama mtu anayesubiri gari lisilokuja. Mara mbili nilirudi kwenye mikesha kutafuta ule moto, nikaupata, na Jumatatu ulikuwa umezima. (Mikesha bado naenda, mara mojamoja, kanisani kwetu. Naipenda kuimba usiku. Ila siendi tena kutafuta kile ambacho stuli imekataa kunipa.) Yule mwenzangu wa rozari alinisaidia hapa kuliko mchungaji. Nilimuuliza kama hachoki kurudia maneno yaleyale, maana kwetu tunanukuu upesi ule mstari wa Mathayo 6 wa kutopayuka-payuka. Akasema, "Mtoto wako anakwambia shikamoo kila siku, umechoka?" Na tukikaa kwenye gari sasa ananiuliza mara moja kwa wiki, bila mzaha, "Stuli?" Namjibu ukweli. Tafuta mtu mmoja wa kukuuliza hivyo, asiwe anayeshangilia kila unachosema.

Jambo jingine nilisemee hapahapa. Katika ile miezi saba, kama miwili haikuwa ukavu wa maombi. Nilikuwa siwezi kula, naamka saa nane usiku na moyo unakimbia, sioni raha hata kwa watoto wangu. Ilikuwa sonona, na mimi nesi mzima niliiita jaribu la kiroho. Daktari tunayefanya naye kazi ndiye aliyeniona korido akanivuta ofisini. Nikatibiwa. Eliya alipochoka hadi kuomba afe, kabla ya lolote malaika alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena. Mkiona mwenzenu wa maombi amenyauka, msimwongezee mfungo.

Mkono wa Mama haukupona.

Oktoba 2021 kiharusi kilirudi. Kabla hajapoteza fahamu tulikuwa na usiku mmoja hospitali, mimi na yeye, yeye akiongea kwa shida. Akaniuliza, "Mwanangu, niambie ukweli. Napona?" Mwaka mmoja na nusu nyuma ningemkatisha: Mama, usikiri hivyo, wewe ni mzima. Nikamshika mkono wa kushoto, nikamwambia, "Sidhani, Mama." Akatikisa kichwa kama mtu aliyekuwa anajua, ila amechoka kujua peke yake. Akataka tusali. Tukaanza Sala ya Bwana kwa Kiswahili, akabadili katikati kwenda Kinyakyusa, mimi nikamfuata. Tulipofika kwenye riziki ya leo alisinzia, nikaimalizia mimi. Alifariki siku ya tatu, tukamzika Rungwe. Kila Pasaka tunapokwenda makaburini alfajiri, kabla jua halijatoka, kama desturi yetu Wamoravian ilivyo, nasimama karibu naye na nasema nilichonacho mwaka huo. Mwaka mmoja nilikuwa na furaha. Mwaka mmoja sikuwa na kitu, nikasema sina kitu.

Daftari sasa ni la sita. Dakika kumi zimekuwa ishirini, siku nyingine arobaini, na siku nyingine nasinzia na viatu miguuni hadi mwanangu wa mwisho anakuja kunitikisa. Mume wangu anakaa nami Jumapili jioni, dakika tano, anaomba maneno kama matatu. Nilikuwa nikiona ni machache.

Desemba iliyopita nilikwenda kwa Bibi. Kumbukumbu zake zimeanza kuondoka. Ananiita kwa jina la Mama, anauliza kama nimekula wakati sahani iko mbele yangu. Nililala chumbani kwake nikidhani ile saa yake nayo imekwenda. Saa tisa akaamka mwenyewe. Akatafuta gunia kwa miguu, akajifunika kanga.

"Tata," akasema.

Mgomba wa karibu na choo umeangushwa na upepo. Jirani amesogeza mpaka, bado sijamsamehe. Binti yangu, mkono wake haujapona.

Mgomba ule tuliukata miaka mitano iliyopita. Jirani alizikwa, na Bibi mwenyewe alipika msibani. Ripoti nzima ilikuwa na makosa, na mimi ndiye niliyekuwa naingia zamu. Nilishuka kitandani, nikamfunika miguu, nikasubiri amalize.